Mjumbe Amefika: Kutunga Tamthilia ya Wanafunzi kwa Sauti za Watu na Antigone ya Sophocles

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa sekondari na vyuo, pamoja na walimu wanaowasimamia, wanaotaka kutunga tamthilia yao wenyewe kwa kuunganisha maneno ya watu waliowahoji na tamthilia ya Wagiriki wa kale. Kazi hii hula muhula mzima. Haidai ukumbi wa kifahari wala fedha nyingi. Inadai simu ya kurekodia, madaftari, subira, na adabu mbele ya watu watakaowafungulia milango yao.

Kabla ya hatua yoyote, shikeni kanuni moja ambayo kwangu ndiyo roho ya kazi hii: mashujaa waachieni Wagiriki; watu mliowahoji wapeni nafasi ya mjumbe na ya korasi, lile kundi linalosema na kuimba pamoja jukwaani. Katika tamthilia za Athens, vifo karibu vyote vilitokea nje ya macho ya watazamaji. Mtu alikufa ndani ya nyumba, pangoni au vitani, kisha akaingia aliyeshuhudia akasimulia: nilikuwapo, nilisikia sauti hii, nilipofika nikakuta hivi. Mahojiano ni jambo hilohilo, aliyekuwapo anawasimulia wasiokuwapo. Ndiyo maana vitu hivi viwili vinaingiliana bila kulazimishwa.

Ukichukua maneno ya mama aliyefiwa ukayatia kinywani mwa Antigone, shujaa wa tamthilia ya Sophocles tutakayoifuata hapa, umemfanya shujaa bila kumwuliza, na Antigone mwisho wake anajinyonga. Mtaa mzima utaketi pale ukijiuliza kama naye mama yule aliwahi kuwaza hivyo. Ukimpa nafasi ya mjumbe, anabaki shahidi wa alichokiona, na uzito wa kifo unabebwa na kisa ambacho kimekuwa kikichezwa tangu takriban mwaka 441 kabla ya Kristo.

Hatua ya kwanza: pateni swali, halafu tamthilia

Vikundi vingi huanza kwa kuchagua tamthilia maarufu, kisha kutafuta watu wa kuwahoji ili wafanane nayo. Anzeni upande wa pili. Kaeni, mwulizane ni jambo gani linazungumzwa majumbani kwenu kwa sauti ya chini. Uhamiaji? Basi kuna Waombaji wa Aeschylus, mabinti wa Danaus wanaokimbilia Argos kuomba hifadhi. Vita na wanawake waliobaki? Kuna Wanawake wa Troya ya Euripides, ya mwaka 415 kabla ya Kristo. Mwaka 2013 wanawake wakimbizi kutoka Syria waliigiza jijini Amman, Jordan, wakichanganya tamthilia hiyo na masimulizi ya maisha yao wenyewe.

Katika mwongozo huu nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: nani ana haki ya kumzika marehemu, na kwa sheria ipi? Tamthilia yake ni Antigone. Ndugu wawili, Eteocles na Polyneices, wameuana wakigombea utawala wa mji wa Thebes. Mjomba wao Creon, mfalme mpya, anaamuru Eteocles azikwe kwa heshima na Polyneices aachwe juani aliwe na ndege na mbwa. Dada yao Antigone anamzika kwa kummwagia udongo, akijitetea kwamba kuna sheria za miungu zisizoandikwa, ambazo amri ya mwanadamu haiwezi kuzifuta.

Swali hili si geni kwetu. Wakenya wa umri fulani hawajasahau kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika shambani kwao karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa miezi mitano huku mahakama zikisikiliza sheria za nchi na mila za Wajaluo, mpaka ukoo ukashinda na mazishi yakafanyika Nyalgunga Mei 1987. Leo, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kuna familia zinazopiga hodi kila siku mochwari kwa sababu mwili umezuiliwa kwa deni la matibabu, ingawa mahakama za Kenya zimekwisha kuamua zaidi ya mara moja kwamba maiti si dhamana ya deni. Creon wa siku hizi anaweza kuwa risiti tu.

Hatua ya pili: isomeni tamthilia mkitafuta wanaoleta habari

Someni kwa sauti, mkizunguka, kila mmoja mistari kadhaa. Antigone ina mistari takriban 1,350, hivyo inasomeka yote kwa vipindi viwili vitatu. Msomaji mmoja ashike kalamu na kuandika kila mahali ambapo mtu anaingia na habari, na kila mahali ambapo korasi inasema. Hizo ndizo nafasi zenu.

Mtakuta Mlinzi, ambaye kwangu ndiye hazina ya tamthilia hii. Anakuja kumwambia Creon kwamba maiti imemwagiwa udongo, lakini kwanza anaeleza jinsi alivyosimama njiani mara kwa mara, akageuka, moyo ukimwambia usiende utaadhibiwa, kisha ukimwambia nenda kwa maana akitangulia mwingine utaumia zaidi. Hivyo ndivyo anavyosema mfanyakazi yeyote wa ngazi ya chini aliyetumwa na habari mbaya kwa mkubwa. Mkimhoji mhudumu wa mochwari au askari wa getini, mtaisikia sauti hiyohiyo.

Mwishoni yupo Mjumbe anayesimulia kifo cha Antigone na cha mchumba wake Haemon, mtoto wa Creon, huku mama yake Haemon akisikiliza kisha akiondoka bila kusema neno. Hapo msiweke mahojiano yoyote. Mwachieni Sophocles.

Kuhusu lugha: Sophocles alikwisha kusemeshwa Kiswahili tangu 1971, Samuel Mushi alipotoa Mfalme Edipode. Kwa Antigone, fanyeni tafsiri yenu. Chukueni tafsiri ya zamani ya Kiingereza ambayo haina tena hakimiliki, kama ya R. C. Jebb, aliyefariki 1905. Kila mwanafunzi atafsiri kurasa chache kwa Kiswahili kinachotamkika. Msiazime tafsiri mpya bila ruhusa ya mwenye nayo. Na jizuieni kuandika Kiswahili cha mtihani: Creon atoe amri fupi kama mtu aliyezoea kutiiwa, na Mlinzi aongee kama mtu anayejitafutia njia ya kutokea.

Hatua ya tatu: mahojiano

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote.

Anzeni na wanaofanya kazi karibu na mauti: waosha maiti, wachimba makaburi, mafundi majeneza, shehe, padri au mchungaji, mwenyekiti wa mtaa anayepokea taarifa za misiba, mtunza hazina wa chama cha kufa na kuzikana. Hawa wamezoea kusimulia, na watawafundisha mambo ambayo vitabu havina, kwa mfano jinsi wachimbaji wanavyogawana zamu, au ni nani huulizwa kwanza marehemu alale upande gani. Baada ya hao ndipo mwende kwa wafiwa.

Kwa wafiwa kuna mipaka. Msimwendee mtu ambaye arobaini haijapita. Na kwangu hata arobaini ni mapema, afadhali mwaka. Mjane wa Kiislamu aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi aachwe kabisa. Msihoji watoto. Msimhoji mzazi wa mwanafunzi mwenzenu isipokuwa mwenzenu mwenyewe ametoa wazo hilo. Nendeni wawili: mmoja anauliza, mwingine anashika kinasa sauti na kuangalia uso. Mwingie, msalimie kama ipasavyo nyumba ile, mtoe pole, mkae. Simu ya kurekodi isitoke mfukoni mpaka mtu akubali.

Kukubali kwake kuwe na maana. Mwelezeni kwa maneno rahisi mnatunga nini, litaonyeshwa wapi, nani atakuwapo, na kwamba anaweza kuondoa maneno yake wakati wowote hata usiku wa kuamkia onyesho. Andikeni karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi. Asiyependa kusaini arekodiwe akisema amekubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hali ya afya ya mtu ni miongoni mwa taarifa zinazolindwa kwa ukali. Majina yabadilishwe yote: ya mtu, ya mtaa, ya hospitali. Mkuu wa shule au chuo awe na barua ya kazi hii, na mwenyekiti wa mtaa au chifu ajulishwe mapema, ili wanafunzi wasije wakatiliwa shaka wakiwa na vinasa sauti mlangoni mwa watu.

Maswali. Swali baya kuliko yote ni “Ulijisikiaje?” Mtu atajibu “Vibaya,” na atakuwa amesema kweli, nanyi hamtakuwa na kitu. Ulizeni mambo ya mikono na macho. Nani alikuletea habari? Ulikuwa unafanya nini wakati simu inaita? Ulipofika, ni nani alikuja mlangoni? Alisema neno gani la kwanza? Ulivaa nini kwenda? Mlikaa wapi kusubiri? Nani aliamua siku ya mazishi, na nani alinyamaza? Maswali haya yanamfanya mtu aone tena, na anayeona husimulia kama mjumbe.

Akilia, kinasa sauti kizimwe bila kuulizwa, na maswali yaishie hapo. Mkae naye. Maji, kimya, maneno machache. Mkiondoka na dakika nne tu za sauti, hizo zinatosha. Na mwanafunzi aliyesikiliza naye ana mzigo. Mwalimu atenge muda siku ileile, kabla watoto hawajarudi majumbani, kila mmoja aseme alichokisikia.

Hatua ya nne: kunakili

Nakilini kila neno lilivyotoka. Saa moja ya sauti hula saa nne za kunakili au zaidi, kwa hiyo gawaneni. Msisahihishe sarufi, msiondoe “yaani”, “eeh”, “sasa”, wala maneno ya lugha ya nyumbani yaliyoponyoka. Mahali aliponyamaza andikeni (kimya), na mahali alipovuta pumzi vunjeni mstari. Mwigizaji wa Marekani Anna Deavere Smith, aliyetunga Fires in the Mirror mwaka 1992 kutokana na mahojiano baada ya ghasia za Crown Heights, New York, alipanga maneno ya wahojiwa wake kwa mistari mifupi kama shairi, kwa sababu namna mtu anavyokata maneno ndiyo namna anavyowaza.

Tazameni mfano huu. Nimeutunga mwenyewe ili kuonyesha umbo. Si maneno ya mtu yeyote.

Nikafika dirisha la kwanza
wakaniambia nenda dirisha la tatu.
La tatu...
eeh, la tatu alikuwepo kijana tu, mpole.
Akaniambia, mama, mimi naandika ninachoambiwa.
(kimya)
Sasa na mimi nimwambie nini.

Kama mngeyageuza kuwa “Nilihangaishwa na urasimu wa hospitali,” yule kijana mpole angepotea, na pamoja naye Mlinzi wa Sophocles, maana ni mtu yuleyule.

Hatua ya tano: kushona

Chapisheni au andikeni kila kipande kwenye karatasi yake, mzitandaze sakafuni darasani. Upande mmoja wekeni sehemu za tamthilia ya Kigiriki mlizochagua. Kwa onyesho la saa moja hazizidi sita. Kwa Antigone ningebakiza dada wawili wakibishana mwanzoni, amri ya Creon, Mlinzi, Antigone mbele ya Creon, Haemon na baba yake, na Mjumbe. Tiresias, mwaguzi kipofu, ni mtu mzuri lakini anaweza kukosa nafasi.

Sasa tembeeni katikati ya karatasi. Msitafute vipande vinavyosema jambo lilelile na Wagiriki. Hivyo vikikaa pamoja vinauana. Tafuteni kinachojibu, kinachopinga, au kinachoshusha jambo kutoka ikulu hadi barazani. Baada ya amri ya Creon, kwa mfano:

CREON: Huyu asizikwe, asililiwe. Aachwe, ndege na mbwa wamle.
KORASI, MWANAMKE WA KWANZA: Nikafika dirisha la kwanza wakaniambia nenda dirisha la tatu.
KORASI, MWANAMKE WA PILI: Mimi waliniambia Jumatatu.
KORASI, MWANAMKE WA TATU: Ilikuwa Ijumaa.
CREON: Nimekwisha sema.

Creon hawaoni. Wao wanamwona. Hamna haja ya mtu kusimama kueleza kwamba mambo haya yanafanana.

Korasi ya Sophocles ni wazee wa Thebes. Ninyi mnaweza kuifanya watu wanaosubiri kwenye benchi nje ya mochwari, lakini lindeni tabia yake: ina hofu, inamkubalia mwenye nguvu mwanzoni, na inabadilika polepole mpaka inathubutu kumshauri Creon amfungue Antigone kutoka pangoni alikomfungia. Korasi ya mashujaa watupu inaharibu kila kitu. Na msiukate wimbo wake wa kwanza wa binadamu, ule usemao kwamba maajabu ni mengi lakini hakuna la ajabu kumpita mtu: amevuka bahari, amelima ardhi, amejifunza lugha na kujenga miji, amepata dawa za maradhi mazito, ila mauti hajapata pa kuyakimbilia. Ukiimbwa karibu na orodha ya bei ya jeneza, sanda na gari la kubebea mwili iliyosomwa na fundi mliyemhoji, watazamaji watakaa kimya wenyewe.

Hatua ya sita: mazoezi

Wanafunzi wetu wana faida ambayo wengine huitafuta kwa taabu: wamekua na ngonjera, kwaya na mashairi ya kikundi ya mashindano ya shule, kwa hiyo korasi ya watu 15, ndiyo idadi iliyozoeleka baada ya Sophocles, haitawashinda. Tatizo lao ni kinyume chake. Wamezoea kupaza sauti kwa majaji na kurusha mikono pamoja. Katika kazi hii korasi iseme pamoja pale tu panapostahili. Mahali pengine mmoja aseme na wengine wasikilize kwa miili yao yote.

Anayebeba maneno ya mhojiwa asimwigize mtu: asijifanye mzee kwa kukohoa, asiige lafudhi ili watu wacheke. Abebe mpangilio wa maneno na vituo vyake. Njia nzuri ni ile iliyotumiwa na Alecky Blythe wa Uingereza: mwigizaji avae visikilizio, acheze rekodi, arudie papo hapo anachokisikia pamoja na kigugumizi chake. Fanyeni hivyo kwenye mazoezi kwa muda, kisha mvue. Mwigizaji mmoja apewe mhojiwa na Mgiriki: aliyecheza Mlinzi aseme pia maneno ya askari wa getini. Wagiriki wenyewe walikuwa na waigizaji watatu tu waliobadilishana nafasi zote kwa vinyago.

Jukwaa liwe duara uwanjani, chini ya mwembe kama mnao, watu wakizunguka pande tatu. Benchi moja, beseni la maji, udongo kwenye ungo. Msilete jeneza, mwili wa Polyneices hauonekani, na hilo ndilo linalouma.

Hatua ya saba: warudieni wenyewe kwanza

Mwanahistoria Herodotus anasimulia kisa cha mtunzi Phrynichus. Mji wa Miletus, uliokuwa na undugu na Athens, ulitekwa na Waajemi mwaka 494 kabla ya Kristo, naye akauandikia tamthilia. Watazamaji wote wakaangua kilio. Waathens wakamtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao wenyewe, wakapiga marufuku tamthilia ile isionyeshwe tena. Aeschylus, aliyeandika Waajemi mwaka 472 kuhusu vita vya Salamis, ambako Waajemi walishindwa na Wagiriki, alielewa zaidi: aliwapa watu kilio kile kupitia kwa adui, ikulu ya Uajemi, na habari ikaletwa na mjumbe.

Basi wiki mbili kabla ya onyesho, rudini kwa kila mhojiwa. Msomeeni kipande chake na mwambieni kinakuja baada ya nini na kabla ya nini. Akisema “Hapo ondoeni,” ondoeni bila kubembeleza, hata kama ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Akitaka kuja kutazama, apewe kiti cha pembeni chenye njia ya kutoka, na mmoja wenu akae karibu naye. Wengine watataka kusema wenyewe jukwaani. Kubalini kwa tahadhari, na kwa kipande kilichokwisha kuandikwa tu.

Hatua ya nane: onyesho na baraza lake

Kama ni onyesho la umma lenye kiingilio, ulizieni vibali mapema. Kwa Tanzania anzeni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Mwanzoni tangazeni wazi kwamba maneno ya korasi yametoka kwa watu halisi, majina yamebadilishwa, na hairuhusiwi kurekodi kwa simu. Simamieni katazo hilo. Kipande cha sekunde ishirini kikiingia WhatsApp, ahadi yenu yote kwa wahojiwa imevunjika.

Baada ya Mjumbe, msimalize kwa makofi na kutawanyika. Kampuni ya Theater of War ya Marekani, iliyofanya Antigone pamoja na kwaya na wakazi wa Ferguson mwaka 2016, miaka miwili baada ya polisi kumwua Michael Brown, huyapa mazungumzo ya baada ya usomaji uzito sawa na usomaji wenyewe. Fanyeni baraza la nusu saa. Mwulizaji awe na swali moja tu, kwa mfano: Creon alikosea wapi kwa mara ya kwanza? Watu wataanza na Creon, kisha wenyewe watafika mochwari, kwenye ukoo, kwenye shamba. Msiwaulize wafiwa waliopo chochote. Awepo mtu mzima anayejua kuketi na aliyeguswa: mshauri wa shule, shehe, mchungaji, muuguzi.

Kesho yake kutaneni mgawane kazi ya mwisho. Mmoja apeleke nakala ya maandishi kwa kila mhojiwa anayeitaka, pamoja na rekodi yake mwenyewe. Familia nyingi zitaitunza sauti hiyo. Mwingine afute rekodi kwenye simu zote za kikundi, mbele ya mwalimu, simu moja baada ya nyingine. Nakala moja ya tamthilia, yenye majina yaliyobadilishwa, ibaki maktaba ya shule, na mahojiano yasibaki.